Toroli la mota na mchanga wa Mtwara

Video zake zimejaa kwenye simu za watu. Mzungu mmoja kavaa buti, kashika mipini ya toroli lenye injini, mbele yake kuna mzigo wa nusu tani, na anapanda nao kimlima cha majani huku anatabasamu. Mtu wa Shangani au Mikindani ambaye juzi tu tipa limemmwagia mchanga barabarani, kwa sababu likiingia uani litazama, akiiona video hiyo lazima roho imruke. Anakumbuka fedha alizowalipa vibarua, anaukumbuka mgongo wake mwenyewe, anaanza kuulizia bei.

Kabla ya bei, aangalie yale majani. Yameota kwenye udongo mgumu. Ardhi ya pwani yetu ni mchanga, na ukipanda uwanda wa Makonde kwenda Tandahimba na Newala bado unakanyaga mchanga, ila mwekundu. Mashine inayopaa kwenye udongo mgumu inaweza kukwama hatua kumi tu kutoka getini kwako, wala isiwe mbovu. Kinachoamua ni ardhi, kisha tairi, kisha mzigo ulivyokaa. Injini inakuja baada ya hapo, na wauzaji wengi huanza na injini.

Tuanze kwa kutenganisha vitu, maana jina ni moja na mashine ni tatu.

Ya kwanza ni toroli la kawaida ambalo gurudumu lake la mbele lina mota ndani ya kitovu. Betri zinafungwa chini ya bodi, na kwenye mpini kuna mshiko wa kuzungusha kama wa pikipiki. Hili linasukuma, lakini halinyanyui. Toroli la gurudumu moja ni wenzo: gurudumu linabeba sehemu kubwa ya uzito, na karibu theluthi inabaki mikononi mwako, mota iwepo isiwepo. Ukijaza mchanga uliolowa wa kilo 120, wewe umeshika kama kilo 40, na kazi ya kuzuia lisilale kulia au kushoto ni ya mabega yako. Anayeumwa mgongo akanunua hili kwa kudhani amepona, ametupa fedha.

Ya pili ina magurudumu matatu au manne. Mzigo wote unakaa juu yake, wewe unaongoza tu. Magunia mawili ya korosho ya kilo 80 kila moja yanakaa juu yake bila wasiwasi, wakati kwenye gurudumu moja yangekuangusha kabla hujafika kwenye mlango wa ghala.

Ya tatu ndiyo ile ya kwenye video: inatembelea minyororo ya mpira kama katapila, ina injini ya petroli, mara nyingi ya cc 196 inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 6.5, na inabeba kilo 300 hadi 500. Yenyewe ikiwa tupu inaweza kufika kilo 200. Haina usukani. Kila upande una mkono wake: ukibana wa kushoto, mnyororo wa kushoto unasimama na mashine inakata kushoto. Ukiachia mkono mkuu wa klachi, yote inasimama. Mtu anayejua kuendesha pawatila haitamchukua muda kuizoea.

Sasa mchanga

Toroli la ujenzi la lita 65 likijaa mchanga uliolowa linabeba kama kilo 120. Ongeza kilo 15 za toroli lenyewe, unapata 135. Kwenye sakafu ya saruji au barabara iliyoshindiliwa, msukumo unaohitajika kulitembeza ni kama asilimia 3 ya uzito huo. Hiyo ni kilo 4, sawa na kusukuma mlango mzito. Kwenye mchanga mkavu uliolegea, asilimia 3 inageuka kuwa 20, 25, hata 30. Tuseme 25. Msukumo unaruka kutoka kilo 4 hadi kilo 34. Hapo hakuna kilima, hakuna jiwe, ni uani palepale na toroli lilelile.

Sababu yake unaiona kwa macho. Gurudumu linazama, na mbele yake linajijengea tuta dogo la mchanga. Likitaka kusogea linapaswa kulipanda hilo tuta, na likishalipanda linajenga jingine. Kwa hiyo gurudumu lililo kwenye mchanga lipo mlimani muda wote, hata kiwanja kikiwa tambarare kabisa.

Vijana wa mjini wanaobeba mchanga wanalijua hili kwa miili yao. Mtazame mmoja akifika kwenye mchanga mkavu: anageuka, anawahi mbele, analivuta toroli kinyumenyume. Ukisukuma mipini, sehemu ya nguvu yako inaelekea chini na kulizamisha gurudumu zaidi. Ukivuta, unaliinua kidogo. Hakusomea popote, lakini hesabu yake iko sawa. Anayepita na baiskeli ufukweni naye hushuka karibu na maji yaliyokupwa, kwa kuwa mchanga uliolowa umeshikana na unabeba.

Tuipime kazi hiyo kwa wati. Kilo 34 za msukumo, kwa mwendo wa kutembea wa mita moja kwa sekunde, ni kama wati 330. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya siku nzima, hutoa wati 75 hadi 100. Akijikakamua anafika 330, lakini kwa dakika chache, na baada ya hapo utamkuta kakaa chini ya mwembe. Ndiyo maana vibarua wawili hupokezana toroli moja, na wenye nyumba wanaolalamika kwamba wanapumzika sana wajaribu wenyewe kwanza.

Farasi mmoja wa injini ni wati 746. Maana yake mota ya wati 500, ambayo ni ndogo kuliko ya pasi ya nguo nyingi, kwa hesabu ya wati inatosha kulisogeza toroli letu mchangani. Basi mbona zinakwama?

Herufi mbili ambazo muuzaji hazitaji

Wati zinakuambia kazi inafanyika kwa kasi gani. Hazikuambii kama gurudumu litaanza kuzunguka. Kinachozungusha gurudumu lililozama ni nguvu ya mzunguko, na kwenye kibandiko cha mota imeandikwa kwa herufi Nm, yaani nyutoni mita. Tairi la toroli la saizi ya 4.00-8 lina nusu kipenyo cha kama sentimita 20. Ili litoe msukumo wa kilo 34 pale linapogusa ardhi, mota inapaswa kutoa kama Nm 67 kwenye ekseli. Hapo hatujahesabu uzito wa mota wala wa betri.

Mota nyingi ndogo za kwenye kitovu, hasa zile za jamii ya baiskeli za umeme, zinatoa 30, 40, labda 50. Kwenye saruji zinakimbia vizuri. Kwenye mchanga wa Shangani zinanguruma, zinapata moto, na kontrola, yaani kifaa kinachoipimia mota umeme, inazima ili isiungue. Ukiongeza kusukuma kwa mikono unaweza kupita, kwa sababu upungufu wa Nm 20 ni kama kilo 10 tu za msukumo wako. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo ina faida yake, ila ijulikane inakusaidia kusukuma, haikupokei kazi. Na zile wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za kilele, za sekunde chache. Tafuta namba ya kazi ya kudumu, huwa iko pembeni kwa maandishi madogo.

Kuna na suala la kushika. Gurudumu likiwa na nguvu nyingi lakini uzito hauko juu yake, linazunguka papo hapo na kujichimbia shimo. Kwenye toroli la gurudumu moja bahati yetu ni kwamba mzigo wenyewe ndio unaolikandamiza gurudumu linaloendeshwa. Ila mafundi wengine wanaojiundia hufunga betri nyuma karibu na mipini kwa sababu ndipo penye nafasi. Matokeo yake gurudumu linakosa uzito na mikono yako inaongezewa. Betri ikae mbele kadiri inavyowezekana.

Tairi, na kwa nini duka la spea za bajaji lina majibu

Hapa ndipo ningemwambia mtu atumie fedha yake ya kwanza, hata kama hana mpango wa kununua mota kabisa.

Uzito unaokandamiza ardhi chini ya tairi unakaribiana na upepo uliomo ndani yake. Tairi lenye upepo wa 30 linakandamiza kwa nguvu kama mara mbili ya lenye 15, kwa sababu lenye 15 linatanuka na kugusa eneo kubwa zaidi. Kwenye lami unataka 30. Kwenye mchanga unataka tairi lililolegea, ligeuke kuwa unyayo mpana unaopita juu badala ya kukata. Madereva wa magari yanayoingia fukwe za mchanga hupunguza upepo kabla ya kuingia na kujaza tena wakitoka.

Ile saizi ya 4.00-8 niliyoitaja ndiyo saizi ya tairi la bajaji. Maana yake tairi, tyubu na rimu vinapatikana mjini Mtwara, Lindi, Masasi, kokote bajaji zilikofika, na fundi pancha anajua kulifungua akiwa amefumba macho. Mashine ya kuagiza yenye tairi la saizi ya ajabu itakaa chini mwezi mzima siku litakapochanika. Na tairi la mpira mtupu lisilo na upepo, ambalo watu hulipenda kwa kuogopa miba, linafaa kwenye kokoto na kifusi. Mchangani ni adhabu, kwa kuwa huwezi kulilegeza.

Tahadhari moja kwa wanaoweka mota: ukilegeza upepo mno, nguvu ya mota inazungusha rimu ndani ya tairi. Tairi limeshikwa na ardhi, rimu inaenda, na valvu ya tyubu inakatika shinani. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi, ufanye kazi nusu saa, kisha uangalie. Mistari ikiachana, ongeza upepo kidogo.

Na dawa ya bei ndogo kuliko zote ni mbao. Njia ya mbao za inchi nane zilizolazwa kutoka getini hadi kwenye msingi inarudisha ile asilimia 25 karibu na 3 au 5. Mafundi wa kuzungusha zege wanalifanya hili kila siku, kisha sisi wenye nyumba tunatafuta mota.

Muda unaookolewa ni mdogo kuliko unavyodhani

Chukua tripu ya mchanga ya mita za ujazo 3. Hiyo ni kama kilo 4,800. Kwa toroli la kilo 120 ni safari 40. Kwa mashine ya kilo 300 ni safari 16. Tuseme kutoka kwenye lundo hadi msingi ni mita 40, na kwenda na kurudi, kumwaga humo humo, ni dakika moja na nusu. Toroli la mkono litatembea saa nzima. Mashine itatembea dakika 24. Umeokoa dakika 36.

Lakini mchanga haupandi wenyewe. Beleshi moja ni kama kilo 5, kwa hiyo tripu ile ni mabeleshi 960, na hayo hayapungui hata moja. Mtu mmoja akipiga mabeleshi kumi kwa dakika bila kusimama, jambo ambalo hafanyi, ni zaidi ya saa moja na nusu. Ukinunua mashine ya mamilioni ukampa mtu mmoja beleshi, mashine itasimama ikimsubiri. Inahitaji wapakiaji wawili au watatu ndipo ilipe. Hivyo anayesema mashine inafuta vibarua hajawahi kusimama kwenye lundo. Inawahamisha kutoka kwenye mipini kwenda kwenye mabeleshi.

Pale inapookoa kweli ni umbali ukiwa mrefu, njia ikiwa ya mchanga au ya kupanda, na mzigo ukiwa mzito wenyewe: magogo ya minazi iliyoanguka, mawe ya msingi, madumu ya maji. Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120 bila kupiga beleshi hata moja. Mbolea ya ng'ombe iliyokauka ni nyepesi kwa ujazo wake. Hiyo toroli la kawaida linaitosha, labda shamba liwe mbali.

Kilima, tope na matumbawe

Mwinuko hesabu yake ni fupi. Njia ikipanda mita 10 katika kila mita 100, unaongeza asilimia 10 ya uzito wote kwenye msukumo. Kwa nyumba zilizopanda kilima nyuma ya mji wa Lindi, au zile za juu Mikindani, mzigo na mashine vya kilo 500 vinaongeza kilo 50 za msukumo. Injini ya farasi 6.5 yenye gia ya kwanza haioni shida. Mota ya kitovu inaona.

Kushuka ndiko kunakoua. Mashine ya petroli yenye gia inashikwa na injini yenyewe. Toroli la umeme lisilo na breki, umeme ukikatika kwenye mota, gurudumu linazunguka huru, na kilo zote zinakuwa zako. Usinunue la umeme lisilo na breki ya mkono au inayojifunga lenyewe ukiachia mpini. Na usisimame upande wa chini wa mashine iliyobeba mzigo, hata kwa kulizuia "kidogo tu".

Mvua zikianza Desemba hadi Aprili, mashine ya minyororo inabaki nzuri kwenye mchanga uliolowa, ila kwenye udongo mweusi wa mbugani tope linajaa ndani ya minyororo na kukauka humo. Isafishwe siku hiyohiyo. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani tatizo ni jingine: ukigeuza mashine papo hapo kwa kusimamisha mnyororo mmoja, mpira unasagwa kwenye ncha za jiwe. Geuza kwa upana, taratibu.

Betri au petroli

Betri mbili za volti 12 na saa-ampea 20, zikiunganishwa kupata volti 24, zinahifadhi wati-saa 480. Kwenye njia iliyoshindiliwa, ambako toroli letu linahitaji kama wati 40, hiyo ni kazi ya siku nzima. Kwenye mchanga uliolegea, ukihesabu na umeme unaopotea kama joto, ni kama saa moja ya kusukuma mzigo mfululizo, na kama ni betri za asidi si vizuri kuzikausha zaidi ya nusu. Kuzijaza ni kama nusu uniti ya Luku na kidogo, karibu na bure. Gharama ya kweli ni betri yenyewe. Ya asidi ikiachwa bila chaji stoo tangu kazi ya msingi ilipoisha mpaka kazi ya ukuta ianze, imekufa. Lithiamu inavumilia zaidi na ni nyepesi, lakini nayo haipendi joto: ichajiwe kivulini, isiwekwe chini ya bati. Upepo wa bahari unakula viunganishi vya waya, pakaa grisi.

Kwa petroli tuna bahati. Injini ya cc 196 ni ileile inayokaa kwenye pampu za maji, kwa hiyo plagi, kabureta na kamba ya kuwashia si vitu vya kuagiza. Ila mkoa wetu una mazoea yanayoweza kuiua. Kila nyumba yenye mikorosho inajua mashine ya kupulizia salfa, na nyingi kati ya hizo huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Injini ya toroli ni ya aina nyingine: petroli inaingia tupu, na oili, kama lita 0.6, inakaa peke yake chini. Mtu akiipa petroli yenye oili ya mashine ya salfa itafuka moshi na plagi itaziba. Akiiwasha bila oili, hiyo haitengenezeki, na nyingi zinafika kwenye boksi zikiwa kavu. Chomoa kile kijiti cha kupimia kabla hujavuta kamba. Kazi ikiisha kwa miezi kadhaa, funga petroli na uiache injini ijizime yenyewe, ili mafuta yasigande ndani ya kabureta.

Kwa nyumba moja inayojengwa mara moja, mimi sioni sababu ya kununua yoyote kati ya hizi. Tairi la bajaji, mbao, na vibarua wanaolipwa vizuri vinamaliza kazi. Mwenye kulipwa nayo ni fundi anayehama kutoka kiwanja hadi kiwanja, au mwenye ghala, au kikundi cha watu wenye mashamba jirani wanaoweza kuikodisha miezi ambayo hawaitumii. Kwao ya minyororo, au ya magurudumu manne yenye matairi mapana, inarudisha fedha. Ile ya gurudumu moja yenye mota iko katikati: inamfaa mwenye bustani kubwa na njia iliyoshindiliwa.

Na ukiamua kununua, usikubali kuonyeshwa kwenye sakafu ya duka. Beba mifuko mitatu ya saruji, hiyo ni kilo 150, mwambie muuzaji mwende mahali penye mchanga mkavu. Asimame kabisa, kisha aanze tena bila wewe kusukuma. Halafu mtafute mwinuko, asimame katikati yake na aachie mpini. Likirudi nyuma, mwachie mwenyewe.